Bibi Amefaulu

Siku afisa wa serikali ya jimbo alipokuja kumkagua Bibi, nyumba ilikuwa imesuguliwa mpaka sakafu inateleza. Mke wa Fundi alifua mapazia, akayaanika, akayarudisha dirishani yakiwa bado na unyevunyevu kwenye pindo. Kiti chenye mguu mbovu kilifichwa chumbani. Ile ndoo ambayo Bibi huitumia usiku ilipelekwa nyuma ya nyumba ikafunikwa gunia, na plastiki iliyotandikwa chini ya shuka lake ikakunjwa na kusukumwa uvunguni. Mgeni gani aonyeshwe vitu kama hivyo?

Fundi kazi yake ni kujaza na kushonea upya makochi ya watu. Siku hiyo hakufungua kibanda. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mama yake, magoti yao yakigusana, akimfundisha.

"Leo siku gani, Mama?"

"Si umeniambia sasa hivi?"

"Nimekuambia, ndiyo. Nataka unirudishie."

"Jumatano."

"Vizuri. Una watoto wangapi?"

"Wewe. Na wale wawili waliotangulia."

"Hao usiwataje, utamchanganya afisa. Sema mmoja."

Bibi alimkazia macho. "Yaani niwakane?"

"Sijasema uwakane, Mama. Nasema usiwataje."

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Kwa muda mrefu serikali ya jimbo ilikuwa ikimlipa mama mmoja, Mhudumu, aje kila asubuhi kumwogesha Bibi, kumlisha, na kukaa naye mpaka saa za alasiri. Ndiyo maana mke wa Fundi aliweza kwenda kupiga pasi mashuka kwenye hoteli, na pasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba, maana makochi huja kwa msimu. Sasa redio ilikuwa imetangaza kwamba fungu la wazee limepunguzwa, na kila mzee atakaguliwa upya kwa maswali ndipo ijulikane nani ataendelea kuhudumiwa. Jirani mwuza mkaa alisikia maswali akasema huo ni mtihani. Na nyumba ile, kama nyumba nyingi, ilijua jambo moja tu kuhusu mtihani: mtu akiletewa, afaulu.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vyake vimeliwa visigino kwa kutembea, mkoba begani. Alipobisha hodi, Bibi aliinuka. Hakuna aliyemwinua. Alikuwa mpishi wa shule enzi zake, mwanamke aliyekuwa akipaza sauti na uwanja mzima ukanyamaza, na mgeni akiingia ni kama kuna kitu kinamshika mgongo na kuunyoosha.

"Karibu, mwanangu, karibu ndani. Kaa hapa penye mto. Umetembea mbali, naona viatu vyako."

Akaichukua birika kutoka mikononi mwa mke wa mwanawe, akamimina chai mwenyewe. Hata tone halikumwagika. Fundi alimkonyeza mkewe.

"Leo siku gani, Mama?" afisa aliuliza.

"Jumatano."

"Una watoto wangapi?"

"Mmoja," Bibi alisema, kisha akainamisha uso kidogo.

"Chooni unaweza kwenda mwenyewe?"

"Jamani! Unaniuliza hivyo mbele ya mwanangu wa kiume? Naenda mwenyewe tangu nilipojua kutembea."

"Na kupika, je?"

"Nimewapikia watoto wa shule mpaka wengine wakawa madaktari. Nitashindwa na sufuria ya nyumba hii?"

Afisa alicheka. Akaandika, akaandika, akafunga mkoba. "Hongereni sana. Mama yenu yuko vizuri kuliko wengi niliowaona wiki hii. Mnamtunza."

Mke wa Fundi aliona machozi yanamlengalenga. Miaka yote ile hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kumwambia anamtunza. Walimsindikiza afisa mpaka kwenye kona, na waliporudi Fundi alimshika mama yake mashavu kwa mikono miwili.

"Umefaulu, Mama! Umefaulu!"

"Nimefaulu nini?" Bibi aliuliza.

*

Wiki iliyofuata Mhudumu alikuja bila aproni yake. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni, lakini asubuhi hiyo aliingia kimya, akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyekuja kutoa pole.

"Mmefanya nini nyie watu?"

"Kwani vipi?" Mke wa Fundi alikuwa tayari amevaa sare ya hoteli, anatafuta kiatu cha pili.

"Nimeondolewa hapa. Wameniambia mama huyu hana shida, nihamie mtaa mwingine."

"Hana shida vipi? Amefaulu!"

"Si ndiyo hiyo. Amefaulu."

Fundi alitokea chumbani na sindano mdomoni. Akaitoa. "Hebu sema pole pole, dada. Aliyefaulu ndiye anayenyang'anywa?"

"Wanaangalia nani hali yake ni mbaya. Aliye mbaya anabaki, aliye mzima anaondolewa, pesa hazitoshi wote. Hamkuambiwa kwamba watakagua hali?"

"Tuliambiwa," alisema Fundi. "Ndiyo tukaitengeneza hali!"

Mhudumu alifungua mdomo acheke, kicheko kikamwishia njiani. "Ningekuwepo ningewashtua. Lakini siku ya ukaguzi sisi tunakatazwa tusionekane, eti tutawafundisha majibu."

"Tulimfundisha wenyewe," alisema mke wa Fundi. Aliketi chini na kiatu kimoja mguuni.

Bibi alikuwa dirishani. Aligeuka, akamwona Mhudumu, akatabasamu. "Umechelewa leo. Maji yamepoa."

Mhudumu alimwogesha. Hakuna aliyemlipa kwa siku hiyo. Alimpaka mafuta mpaka katikati ya vidole vya miguu, taratibu, kisha akaenda zake.

*

Kwanza walijaribu kibandani. Fundi aliondoka na mama yake asubuhi, akamkalisha kwenye kochi la mteja lililokuwa tayari, akamwekea redio, akawa anapiga misumari huku akimchungulia. Ilikwenda vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili mwenye kochi alikuja kuchukua mali yake. Alikuwa karani wa benki, mwenye suruali iliyonyooka kama imekatwa kwa rula. Fundi alimwinua mama yake haraka na karani akaweka mkono pale Bibi alipokuwa ameketi.

"Hapa pamelowa."

"Samahani sana, bosi. Nimemwaga chai."

Karani alinusa vidole vyake. Akamtazama Bibi, akamtazama Fundi, na heri angetukana, maana alichofanya ni kutoa leso na kujifuta kidole kimoja kimoja. "Badilisha kitambaa chote. Na sponji."

"Nitabadilisha."

"Huyu kijana anaringa," Bibi alisema karani alipokuwa bado anasikia. "Mama yake hakumfundisha kusalimia?"

Kitambaa kilitoka mfukoni kwa Fundi. Baada ya hapo wakaamua abaki nyumbani, mwuza mkaa awe anamtupia jicho. Lakini mwuza mkaa ana wateja wake, na jicho la kutupwa halifiki mpaka jikoni. Asubuhi moja mke wa Fundi alikuwa ameshafika njia panda alipokumbuka kitambulisho cha kazi. Alirudi akakuta moshi. Bibi alikuwa amewasha jiko, amepanga sufuria zote za nyumba, hata beseni la kufulia, na unga wote wa mwezi umo ndani ya maji, unatokota na kurukia ukutani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua na wala hakuujali.

"Mama! Unafanya nini?"

"Niletee mwiko mkubwa. Kengele imekaribia kulia na hawa watoto hawajala."

"Watoto gani, Mama?"

"Usisimame hapo! Wewe ndiye msaidizi waliyeniletea?"

Mke wa Fundi alizima jiko. Alimpaka dawa mkononi, akakwangua unga ukutani, na alipofika hotelini mashuka yalikuwa yamerundikana kuzidi kimo chake. Msimamizi hakupiga kelele. Alimwita pembeni, karibu na mashine inayotoa mvuke.

"Mama'ngu, nakuhurumia. Lakini nina wasichana kumi wanaoitaka pasi hii. Ukichelewa tena, usije kabisa."

*

Fundi alikwenda ofisi ya ustawi kukata rufaa. Alivaa shati la harusi yake. Foleni ilikuwa ndefu, ya watu waliowabeba wazazi wao kila namna, wengine kwenye viti vya magurudumu, mmoja kwenye toroli la kubebea saruji lililotandikwa godoro. Fundi peke yake alikuja mikono mitupu.

"Shida yako?" aliuliza karani wa dirishani.

"Mama yangu amekaguliwa, akaonekana mzima."

"Enhe."

"Sasa nimekuja kusema si mzima."

Karani aliinua macho. "Hebu nikuelewe, kaka. Wenzako wote hapa wanalia kwamba wazazi wao ni wagonjwa. Wewe unakuja kulalamika kwamba wako ni mzima?"

Foleni ikacheka. Kulikuwa na uchovu ndani ya kicheko kile, ila Fundi hakulisikia hilo. Alisikia kicheko tu.

"Siku ile tulimsafisha," alisema.

"Mlimsafisha."

"Tulimvalisha. Tukaficha ndoo." Alishika ukingo wa dirisha. "Hatukujua mnatafuta uchafu."

"Hatutafuti uchafu, kaka. Tunatafuta ukweli."

"Basi na kusafishwa kwake ni ukweli vilevile. Yule ni mama yangu, anasafishwa kila siku."

Karani alivuta faili. Aligonga muhuri, akasema afisa yuleyule atarudi, mara moja tu, na atakachokiona safari hiyo ndicho kitakachobaki.

*

"Lazima tumwambie," alisema mke wa Fundi jioni ile, huku akimenya vitunguu.

"Tumwambie nini? Ajifanye punguani?"

"Asijifanye chochote. Awe kama alivyo siku zote."

"Siku zote yupi? Asubuhi ananiita kwa jina la baba. Mchana ananikaripia nimekosea bei ya sponji, na kweli nimekosea. Jioni anauliza mchana tulikula nini. Sasa huyo afisa tumpe yupi kati ya hao?"

Mkewe aliacha kumenya. Alifuta mikono, akaenda kuketi kitandani kwa Bibi.

"Mama, yule afisa anarudi."

"Yule mwenye viatu vibovu? Karibu yake."

"Safari hii usimhudumie. Kaa tu. Akiuliza kama unajiogesha, mwambie unaogeshwa. Akiuliza kuhusu choo, mwambie ukweli. Usione haya."

"Mbele ya mwanangu?"

"Tutamtoa nje."

Bibi alikunja upindo wa khanga yake, akaukunjua. "Juzi mlinifundisha niseme najua. Leo mnanifundisha niseme sijui. Kwani nyie mnataka niwe mzima, au mnataka niwe mgonjwa?"

"Tunataka Mhudumu arudi, Mama. Nisipokwenda kazini tutafukuzwa nyumba hii."

"Kumbe ni kwa ajili yako."

"Ni kwa ajili yetu sote."

"Hapana, nimeelewa. Ni kwa ajili yako." Bibi alimpigapiga mgongo wa mkono, kama anavyobembelezwa mtoto. "Basi nitasema. Usiwe na wasiwasi mpaka unakonda hivyo."

*

Afisa alirudi, na kwa kuwa mtaa ule aliupangia siku moja katika wiki, ilikuwa Jumatano. Safari hii hakuna pazia lililofuliwa. Ndoo ilikuwa pale pale pembeni mwa kitanda, plastiki inachungulia chini ya shuka, na mke wa Fundi, aliyeomba ruhusa ya saa chache na kupewa kwa kununiwa, alisimama karibu na mlango akiwa na sare yake ya kazi. Aliona aibu hata kumtazama mgeni. Fundi alitolewa nje, akawa anatembea chini ya dirisha, kivuli chake kinapita na kurudi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo siku gani?"

"Jumatano," alisema Bibi mara moja.

Mke wa Fundi alifumba macho. Ni jibu lile lile alilokaririshwa mara ya kwanza, hakuwa na jingine, na bahati mbaya lilikuwa sahihi.

"Una watoto wangapi?"

"Watatu."

Afisa alitazama karatasi zake. "Mara ya kwanza ulisema mmoja."

"Waliniambia nisiwataje."

Kivuli cha dirishani kikasimama.

"Nani waliokuambia?" Afisa aliuliza, sauti sasa imekauka kidogo. Alimgeukia mke wa Fundi. "Mama, mimi nina wazee wengi na nafasi chache. Kama mnamfundisha, niambieni nisipoteze muda wangu."

"Siku ile tulimfundisha," alisema mke wa Fundi. "Leo..." Akataka kusema leo hatukumfundisha, akakumbuka kitanda na vitunguu. "Leo hata sijui nikuambie nini."

Afisa alishusha pumzi. Akaweka kalamu chini. Akamsogelea Bibi mpaka akawa anamwona vizuri usoni, akamwuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua tu, "Mama, nani anakuogesha?"

"Huyu hapa." Bibi alimnyooshea kidole mke wa mwanawe.

"Huyu ni nani yako?"

"Ni msichana wa serikali. Anakuja asubuhi." Bibi alipunguza sauti, lakini chumba kilikuwa kidogo. "Mpeni nyongeza, ana mkono mwepesi. Mke wa mwanangu naye ni mtu mwema, simsemi vibaya, ila mkono wake! Ananisugua kama sufuria iliyoungua."

Afisa hakucheka. Alimtazama Bibi machoni, halafu akamtazama mke wa Fundi, akitafuta dalili ya watu waliopatana. Mke wa Fundi alikuwa ameganda mlangoni. Uso wake ulikuwa umeshikwa na kitu, na huwezi kusema kama ni kicheko au ni kilio, na yeye mwenyewe asingeweza kusema.

"Na mke wa mwanao yuko wapi sasa hivi?"

"Kazini. Anapiga pasi. Yule kila siku yuko kazini, maskini."

Afisa aliokota kalamu. Aliandika mistari michache tu safari hii, akasimama, akaning'iniza mkoba begani. "Mimi si daktari," alimwambia mke wa Fundi kwa sauti ya chini, "na sina uhakika nimeona nini. Nitaandika Mhudumu arudi. Kama mmenidanganya, hilo ni lenu."

*

Fundi alimsindikiza mgeni. Kutoka ndani alisikika akimshukuru, dada nashukuru, Mungu akuzidishie, na sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya kijana. Mke wa Fundi alibaki na Bibi. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Bibi na kucheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeponea chupuchupu.

"Mama wewe! Eti nasugua kama sufuria! Umeyatoa wapi hayo? Hata mimi sikukufundisha hivyo. Ulivyokauka usoni, nilitaka nikuamini!"

Bibi naye alicheka, mabega yanatikisika. Alipenda kuona mtu anacheka karibu naye.

"Nimesema vizuri?"

"Umesema vizuri mno. Mhudumu anarudi. Nitaendelea na kazi."

"Alhamdulillahi." Bibi aliinama, akachungulia mlangoni kama mtu mwenye siri, akamshika yule mwanamke mkono kwa mikono yake miwili, ule wa kulia ukiwa bado na kovu bichi la moto. "Basi nifanyie jambo moja, binti. Mke wa mwanangu akirudi kutoka kazini, mwambie nimesema yote aliyonifundisha. Usisahau. Alikuwa na wasiwasi sana."

Nje, Fundi alikuwa anarudi huku anapiga mluzi.

"Nitamwambia, Mama," alisema mke wa Fundi.